Tangi moja la mafuta: kisa cha kuku wa Ubelgiji, 1999

Mwezi Februari 1999 watotoleshaji wa vifaranga nchini Ubelgiji walianza kuona mayai yanagoma. Kuku wazazi, wale wanaotaga mayai ya kutotolesha kuku wa nyama, walikuwa wameshuka utagaji. Mayai yao yaliingizwa mashineni, siku 21 zikatimia, na mengi hayakupasuka. Vifaranga waliotoka walikuwa wamevimba, maji yamejaa chini ya ngozi, wengine wakiyumba kila walipojaribu kusimama. Vifo vikaongezeka.

Anayefuga anajua maswali yanayofuata hapo. Joto la mashine lilikuwaje? Umeme ulikatika? Majogoo wanatosha? Chanjo zilipigwa kwa wakati? Na kama ni mtu wa chakula kama mimi, wazo la kwanza lingekuwa vitamini E. Upungufu wa vitamini E na seleniamu huleta dalili hizo hizo mbili: maji chini ya ngozi, na kuyumba kunakotokana na ubongo kudhurika. Vitamini E nayo huuawa na mafuta yaliyochacha. Kwa hiyo mtaalamu mzuri, mwenye uzoefu, angeweza kufika mpaka kwenye mafuta ya chakula, akapima kama yamechacha, akaongeza vitamini, akaondoka akiamini amemaliza kazi. Angekuwa amegusa pipa lenyewe bila kuona kilichomo.

Hiyo ndiyo sababu nimekiandika kisa hiki kwa urefu. Siku hizi kila kikao cha wafugaji wa kuku wa nyama ninachohudhuria kina mtu anayeuliza kuhusu mafuta mbadala: mashapo ya alizeti, mawese, shahamu ya machinjioni, mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi. Majibu wanayopewa huwa ya bei na ya nishati. Ubelgiji walikuwa na majibu hayo yote mawili, tena sahihi kabisa.

Kwa nini mafuta yaliwekwa kwenye chakula

Hesabu yenyewe haina kosa. Kilo moja ya mahindi humpa kuku takribani kilokalori 3,350 za nishati anayoweza kuitumia. Kilo moja ya mafuta ya mbegu humpa karibu 8,800. Katika mchanganyiko wa kilo 100, toa kilo 3 za mahindi uweke kilo 3 za mafuta, na kila kilo ya chakula inapanda kwa kilokalori 160 hivi. Kuku wa nyama wa kisasa anahitaji chakula cha kilokalori 3,000 hadi 3,200 kwa kilo, na kufika huko kwa mahindi na mashudu peke yake ni kazi ngumu, hasa pale pumba zinapoingia kupunguza gharama.

Mafuta yana faida nyingine ambayo sisi wa nchi za joto tunapaswa kuithamini kuliko Wabelgiji. Kuku anapoyasaga na kuyatumia, mwili wake hutoa joto kidogo kuliko anaposaga wanga au protini. Kuku wa wiki ya tano, mzito, akiwa ndani ya banda la bati la Dar es Salaam mwezi Januari, anapata nafuu ya kweli kutokana na jambo hilo. Mafuta pia hupunguza vumbi la chakula na hubeba vitamini A, D, E na K.

Ipo mipaka. Kifaranga wa wiki mbili za kwanza hana nyongo wala vimeng'enya vya kutosha kusaga mafuta magumu kama shahamu, kwa hiyo sehemu kubwa hupita na kinyesi. Mafuta ya maji, kama ya alizeti au soya, huyamudu vizuri zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huchanganya aina mbili, gumu na laini, ili bei ishuke na usagaji usiharibike. Na hapo ndipo soko la mafuta ya bei nafuu linapozaliwa: kiwanda kinachotengeneza chakula kwa maelfu ya tani, kikipunguza bei ya mafuta kidogo tu, kinaona tofauti mwisho wa mwezi.

Ubelgiji ni nchi ya chipsi. Kila mtaa una kibanda chake, kila nyumba ina kikaango chake, na mafuta yaliyotumika ni mengi. Kuyamwaga kwenye mifereji ni uharibifu. Kuyakusanya, kuyachuja, kuyayeyusha pamoja na mafuta ya wanyama na kuyarudisha kwenye chakula cha mifugo lilikuwa wazo la busara, na nalisema hili bila kuwakebehi hata kidogo. Nishati iliyokwisha kulipiwa mara moja inatumika mara ya pili. Watu binafsi walipeleka mafuta yao kwenye vituo vya manispaa vya kukusanyia taka, na makampuni ya kurejeleza mafuta yakayachukua.

Tatizo ni kwamba vituo hivyo vilipokea pia mafuta ya magari na mashine. Mapipa yaliwekwa jirani. Kwa macho, mafuta meusi ya kikaango na mafuta meusi ya mashine hayana tofauti kubwa.

Kilichoingia kwenye tangi

Mwishoni mwa Januari 1999, katika akiba ya mafuta yaliyorejelezwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, kiliingia kitu ambacho hakikuwa mafuta ya kula. Uchunguzi wa kemikali uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba ni mafuta ya transfoma ya aina ya zamani, yaliyotengenezwa kwa PCB, jamii ya kemikali za viwandani zenye klorini. Kemikali hizo zilipendwa na watu wa umeme kwa sababu haziungui kirahisi na hazichoki. Sifa hiyo hiyo ndiyo ubaya wake: zikiingia mwilini haziungui wala hazichoki, zinakaa kwenye mafuta ya mwili miaka mingi. Zikipata joto kali kwa muda mrefu, sehemu yake hugeuka kuwa furani, sumu za jamii ya dioksini zinazofanya kazi katika vipimo vidogo ambavyo akili hupata shida kuvishika.

Kiasi kilichokadiriwa ni kilo 50 hivi za PCB na gramu moja ya dioksini, zikasambaa katika tani 500 hivi za chakula cha mifugo. Gawanya: katika kila mfuko wa kilo 50, gramu 5 za PCB. Gramu moja ya dioksini ndani ya tani 500 ni kama kusema hakuna kitu. Lakini kuku ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika haraka mno na sumu hizi, na kuku anayetaga ana njia maalumu ya kuzitoa: anazimimina kwenye mafuta ya kiini cha yai. Mtoto anayekua ndani ya yai hupata sehemu kubwa ya nishati yake kutoka kwenye kiini hicho. Ndiyo sababu mashine za kutotolea vifaranga zilipiga kelele kabla ya hospitali, kabla ya maabara na kabla ya serikali.

Nguruwe walikula chakula chenye mafuta yale yale wala hawakuonyesha dalili. Kama tangi lile lingeuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha nguruwe peke yao, naamini kisa hiki kisingejulikana.

Aliyevuta uzi

Mmoja wa watengenezaji wa chakula, baada ya kupokea malalamiko ya wafugaji, alikuwa anakabiliwa na madai ya fidia. Suala likaenda kwenye bima, na mtaalamu wa mifugo akapewa kazi ya kutafuta chanzo. Yeye hakuishia kwenye vitamini E. Sampuli za chakula na za kuku zikapelekwa kwenye maabara nchini Uholanzi iliyokuwa na uwezo wa kupima dioksini, na mwishoni mwa Aprili majibu yakarudi: dioksini, kwa viwango vya kutisha.

Hapa napenda tusimame kidogo. Kati ya dalili za kwanza na jibu hilo ilipita miezi miwili na zaidi. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na wiki sita hivi. Broila aliyeanza kula chakula kile mwanzoni mwa Februari alikuwa ameshaliwa kabla Aprili haijaisha. Chakula chenyewe kilikuwa kimekwisha mabandani. Ushahidi uliobaki ulikuwa sampuli zilizotunzwa, karatasi za mauzo, na mafuta ndani ya miili ya kuku wazazi waliokuwa bado hai. Bila sampuli zile, hadithi ingekuwa ya mayai mabovu ya msimu mmoja.

Kisha likaja kosa la pili, la watu wenye mamlaka. Wananchi hawakuambiwa hadi mwisho wa Mei. Walipoambiwa, nchi nzima ilitikisika. Kuku na mayai yakaondolewa madukani, halafu vyote vilivyotengenezwa kwa mayai, siagi na mafuta ya wanyama. Nchi nyingi zikafunga milango kwa bidhaa za Ubelgiji. Zaidi ya mashamba 2,500 yalikuwa yanaweza kuwa yamepokea chakula chenye mafuta yale, kwa sababu tangi moja lilikuwa limegawanyika kwa viwanda kadhaa, na kila kiwanda kikagawanya kwa wateja wake. Tarehe 1 Juni, Waziri wa Afya Marcel Colla na Waziri wa Kilimo Karel Pinxten wakajiuzulu. Tarehe 13 Juni ulikuwa uchaguzi mkuu. Serikali ya Jean-Luc Dehaene ilishindwa, na Guy Verhofstadt akawa Waziri Mkuu.

Ili kupata picha ya uchafuzi, serikali iliendesha upimaji mkubwa. Kupima dioksini moja kwa moja ni ghali na huchukua muda, kwa hiyo wakatumia mbinu nzuri: kupima kwanza aina saba za PCB zinazochukuliwa kuwa alama, na kwenda kwenye dioksini pale tu PCB zilipozidi kiwango. Kufikia mwisho wa Desemba 1999 walikuwa na majibu ya vipimo zaidi ya 55,000 vya PCB na 500 vya dioksini. Katika kuku waliochafuliwa, wastani wa dioksini ulikuwa pikogramu 170 hivi kwa gramu ya mafuta (pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu), na aliyeongoza alifika 2,613. Kikomo ambacho Umoja wa Ulaya ulikuja kukiweka kwa nyama ya kuku baada ya hapo kilikuwa pikogramu 2.

Kuhusu madhara kwa watu, wanasayansi wa Ubelgiji wenyewe hawakukubaliana. Kundi moja lilikadiria kwamba tukio lingeweza kusababisha kati ya saratani 40 na 8,000 katika maisha ya watu waliokula. Kundi jingine likasema kwamba, kwa vile uchafuzi ulikuwa wa muda mfupi na ulisambaa kwa watu wengi, haielekei kuwa umma kwa ujumla uliathirika. Mimi ni mtu wa chakula cha kuku, sina mamlaka ya kuamua kati yao. Ninachoweza kusema ni kwamba upana wa makadirio hayo, kutoka 40 hadi 8,000, unatosha kumfanya mtu asitake kuwa sehemu ya majaribio ya namna hiyo.

Kuku walikuwa wamesema mapema

Kinachoniumiza zaidi katika kisa hiki ni kwamba kilikuwa na watangulizi.

Mwaka 1957 huko Marekani mamilioni ya kuku wa nyama walikufa kwa ugonjwa wa kuvimba: maji tumboni, maji kuzunguka moyo. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye mafuta yaliyotiwa katika chakula, yaliyotokana na mabaki ya viwanda. Sehemu yake ilitoka kwenye ngozi za wanyama zilizokuwa zimetiwa dawa zenye klorini. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuitambua kemikali yenyewe, nayo ilikuwa jamii ya dioksini. Kwa miaka hiyo yote, kipimo kilichotumika kuhakikisha mafuta ni salama kilikuwa kifaranga mwenyewe: analishwa mafuta yale kwa takribani wiki tatu, kisha anapasuliwa na maji yanayozunguka moyo wake yanapimwa.

Kisa cha Japani kinauma zaidi. Mapema mwaka 1968, kusini magharibi mwa nchi hiyo, kuku wapatao 400,000 walikufa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba chakula chao kilikuwa na mafuta meusi, mabaki yanayobaki kiwanda kinaposafisha mafuta ya pumba za mchele. Kiwanda hicho hicho kiliuza mafuta yaliyosafishwa kwa watu wapikie. PCB zilikuwa zimevuja kutoka kwenye mabomba ya kupashia joto. Chanzo cha vifo vya kuku kilijulikana kuwa ni mafuta yale, lakini hakuna aliyefuata njia hadi kwenye chupa za jikoni. Ilipofika Oktoba, watu walikuwa wameanza kujaa hospitalini wakiwa na vipele vyeusi na kucha zilizobadilika rangi. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa walizidi elfu moja.

Mafuta ya kuku na mafuta ya watu yalitoka kwenye mashine moja. Kuku walisema mwezi Februari.

Na hata baada ya Ubelgiji, mwishoni mwa 2010 Ujerumani ilipata kisa chake: asidi za mafuta zilizotoka kwenye utengenezaji wa dizeli ya mimea, zilizokusudiwa kwa matumizi ya viwandani tu, zikaishia kwenye chakula cha kuku na nguruwe. Mapema Januari 2011 mashamba zaidi ya 4,700 yalifungwa kwa muda. Hayo yalitokea sheria mpya zikiwa tayari zipo: Ubelgiji ilikuwa imeunda chombo kimoja cha kitaifa cha usalama wa chakula mwaka 2000, na Ulaya ilikuwa imepiga marufuku kulisha mifugo mafuta yaliyotumika mikahawani. Kilichofuata Ujerumani ni amri ya kutenganisha kabisa, kuanzia kiwandani hadi kwenye magari ya kubebea, mafuta ya viwanda na mafuta ya chakula. Naiona hiyo kuwa amri yenye akili kuliko zote zilizotoka katika visa hivi, kwa sababu inagusa bomba na tangi, vitu ambavyo mtu anaweza kuvikagua kwa macho.

Upande wetu wa bahari

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Ulaya, sisi hatuna hata viwanda vya kurejeleza mafuta. Naomba asikimbilie kusema hivyo.

Kenya na Tanzania, mashirika ya umeme yamelalamika kwa miaka mingi juu ya wizi wa mafuta ya transfoma. Taarifa za habari, hasa za Kenya, zimeeleza kwamba sehemu ya mafuta hayo huuzwa kwa wakaanga chipsi wa barabarani, kwa sababu yanadumu motoni muda mrefu kuliko mafuta ya kupikia. Transfoma nyingi za sasa hazina PCB. Ndani yake kuna mafuta ya madini, ambayo nayo si chakula cha mtu wala cha kuku. Lakini zile za zamani zipo. Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa juu ya kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu, umetaka vifaa vyenye PCB viwe vimeondolewa kwenye matumizi ifikapo 2025 na mabaki yake yateketezwe kwa usalama ifikapo 2028. Mpaka zitakapokwisha, mtu anayefungua transfoma kuukuu usiku hajui anachokinga kwenye dumu lake.

Sasa unganisha. Mafuta ya transfoma yanaingia kwenye kikaango. Mafuta ya kikaango yanakusanywa na mtu anayezunguka na madumu. Madumu yanaunganishwa kwenye pipa. Pipa linauzwa kwa mchanganyaji wa chakula cha kuku kama "mafuta ya kula yaliyochujwa". Ubelgiji walihitaji mfululizo wa namna hiyo hiyo.

Wafugaji wetu wamefundishwa kunusa mafuta, na wamefundishwa vizuri. Mafuta yaliyochacha yana harufu kali, yanawasha kooni, na yanaharibu vitamini E. Kunusa kunafaa kwa hilo. PCB na dioksini hazinuki katika viwango vya namna hii, hazibadilishi rangi, hazitulii chini ya pipa, haziondoki kwa kuchuja wala kwa kuchemsha. Maabara za kuzipima ni chache na gharama yake kwa sampuli moja humzidi mfugaji mdogo. Kwa hiyo kwa mtu wa kawaida kipimo pekee kilichopo ni historia ya mafuta: yametoka wapi, yalipita kwa nani, yalikaa ndani ya chombo gani.

Ukiyapima mafuta mbadala kwa kipimo hicho, mpangilio wake unabadilika kabisa na ule wa bei. Mafuta yaliyomo ndani ya mbegu yanakuja juu, maana mbegu haina mahali pa kufichia mafuta ya transfoma. Soya nzima iliyokaangwa ina mafuta asilimia 18 hadi 20. Mashudu ya alizeti yanayotoka kwenye mashine ndogo za kukamua za Singida na Dodoma huwa na mafuta mengi yaliyobaki, kwa sababu mashine hizo hazikamui mpaka tone la mwisho. Ubaya wake ni nyuzinyuzi za maganda, kwa hiyo huwezi kuyaongeza upendavyo. Mawese ya Kigoma unayoweza kuyafuata hadi kwa mkamuaji ni mazuri, ila yana mafuta magumu kwa wingi, hivyo kifaranga wa wiki mbili za kwanza apewe kidogo.

Shahamu ya machinjioni naipenda kuliko wengi wanavyoipenda, kwa sharti moja: uichukue mwenyewe, mbichi, iyeyushwe siku hiyo hiyo, na isipite kwa dalali. Ikishapita kwa dalali ni pipa kama mapipa mengine. Funza wa nzi weusi, wanaofugwa sasa Kenya na Tanzania kwa mabaki ya jikoni na sokoni, wana mafuta mengi pia, lakini swali la njia linarudi nyuma hatua moja: funza walilishwa nini?

Mafuta ya chipsi siyapendekezi. Hata yale ambayo hayajaguswa na transfoma yamechemshwa mara nyingi mpaka yameharibika, na Ulaya yenye maabara zake zote imeshindwa kuyasimamia ikaamua kuyaacha.

Jambo la mwisho katika utaratibu ni sampuli. Kila unaponunua mafuta, mashudu au chakula kilichochanganywa, weka kidogo kwenye chupa safi ya kioo, andika tarehe na jina la muuzaji, itunze mahali penye giza mpaka kundi lile la kuku liuzwe na mwezi mmoja juu yake. Mtaalamu wa Ubelgiji alifaulu kwa sababu kulikuwa na kitu cha kupeleka maabara.

Pipa la Kibaha

Mama mmoja wa Kibaha, mfugaji wa broila 600 kwa mkupuo, aliniita mwaka jana nimwangalizie pipa aliloletewa kwa bei nzuri. Alikuwa amelinusa, amelichovya kidole, amelionja. "Mwalimu, mimi naona yako sawa. Hebu na wewe onja." Hayakuwa yamechacha. Nilimwambia, "Dada yangu, mimi sina ulimi wa kujua ninachokitafuta humu. Mpigie aliyekuletea."

Kijana alijibu kwa heshima, hakuwa na ubaya wowote. Alisema ameyapata kwa mwenzake wa Mbezi. Mwenzake akasema anakusanya kwa wakaanga chipsi. Wangapi? "Wengi tu, kaka. Wengine wananiletea wenyewe, siwajui." Na pipa lilikuwa na nini kabla ya hapo? Hilo hakuna aliyejua.

Yule mama alilirudisha siku ile ile na kijana akakubali kurudisha pesa. Kilichobaki ilikuwa kutafuta kilo 3 za mafuta katika kila kilo 100 za chakula cha kukuzia, kama alivyokuwa amekusudia. Tulizitafuta kwenye soya. Kilo 15 za soya nzima katika mchanganyiko wa kilo 100 zinaleta karibu kilo 3 za mafuta, na zinaingia mahali pa sehemu ya mashudu yenye nishati ndogo na sehemu ya dagaa. Lazima ikaangwe, kwa sababu soya mbichi ina vizuizi vinavyomfanya kuku ashindwe kusaga protini. Alianza kwa sufuria pana na mchanga, akikoroga bila kupumzika, anaipasua punje moja kila baada ya dakika chache kuangalia ndani. Ya kijani au yenye harufu ya maharage mabichi inarudi motoni. Ya kahawia iliyokolea imeungua, lisini, kiungo muhimu cha protini, imekwenda, anaiweka pembeni. Anayoitaka ni ile ya rangi ya dhahabu yenye harufu ya karanga, anaiacha ipoe kabisa kabla ya kuisaga, na anasaga ya wiki moja tu kwa wakati mmoja kwa sababu soya iliyosagwa, mafuta yake yakiwa wazi kwa hewa, huchacha upesi.

Soya ilimgharimu zaidi ya pipa lile. Kwa mkupuo ule aliongeza bei ya kuku kidogo kwa wateja wake wa hoteli, akawaeleza kwa nini, na wawili kati ya watano wakaendelea naye. Hao watatu bado anawatafuta.